Niliingia Mwezini Nikiwa na Wajukuu

Nina miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nyie wasomaji mtanivumilia nikiandika kama ninavyoongea. Kusoma sikusoma, ila majina nayashika. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea jema au baya nikalisahau jina lake… na wengine natamani ningewasahau!

Mie naitwa Bi Fatu. Kwetu Lindi, lakini utu uzima wangu wote umepita Mbagala. Mume wangu wa kwanza, Nassoro, alifariki akaniachia mtoto mmoja wa kike, Zuhura, ambaye ameolewa huko Bunju. Nikakaa mjane miaka mingi. Kilichonipa heshima mtaani ni ukungwi. Wasichana waliovunja ungo waliletwa kwangu, nami nikawafunda. Hata leo naweza kuwaita mmoja mmoja… Sharifa, Mwanaidi, Somoe, Zainabu mrefu na Zainabu mfupi. Wengine sasa ni bibi kama mie.

Nilipofika miaka sitini nikaolewa tena. Aliyenioa ni Mzee Shabani, fundi wa kuchonga milango na vitanda, karakana yake ipo Chang'ombe. Mtu msafi, mpole, anayejua kuchekesha. Alishaoa mara mbili kabla yangu na hakujaliwa mtoto, hata wa kuzika. Alipokuja kuposa nilimwambia wazi, Mzee Shabani, mie nimeshakoma, sizai. Akacheka, akaniambia yeye katika umri ule anatafuta mtu wa kunywa naye chai tu.

Kumbe mtu anaweza kusema hivyo na moyo wake unasema jingine…

Tulikunywa hiyo chai kwa amani. Sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Watu wakituona tunatoka pamoja wanatutania, wanatuita bwana harusi na bibi harusi. Nilimshukuru Mungu kwa uzee ule. Nani angejua?

Nilikuwa na sitini na saba maziwa yalipoanza kuniuma. Nikadhani nimelalia vibaya. Siku zikapita, nikaona yanajaa kama ya mwanamwali! Halafu alfajiri moja nikaenda kutawadha… nikaona damu.

Nilikaa mle msalani nikaitazama. Tangu nikome, wajukuu wamezaliwa mpaka wamekuwa watu wazima. Damu hii imetoka wapi? Sikuumwa mahali. Nikafanya nilivyozoea kufanya zamani… nikajifunga kitambaa, nikarudi kitandani, sikuswali.

Mzee Shabani aliporudi msikitini akanikuta nimelala.

"Bi Fatu, leo huswali?"

"Siswali."

"Unaumwa?"

Aibu ikanijaa kama ndio kwanza nachezwa unyago. "Nimeingia mwezini," nikamwambia, nikaugeukia ukuta.

Nilipogeuka nikamkuta amesujudu chini, mabega yanatikisika. Mume wangu alikuwa analia! Alipoinuka akanishika mikono yote miwili, akaniita Bi Sara. Akanikumbusha kisa cha mke wa Nabii Ibrahimu, alivyopewa habari ya mtoto akiwa ajuza, akacheka. "Na wewe cheka, Bi Fatu! Cheka!"

Nilicheka… nifanyeje? Mwanamume aliyekaa maisha yake yote akiitwa baba wa watoto wa wenzake, unamkatia vipi furaha yake?

Habari hakuiweka ndani. Jioni ileile akaifikisha barazani kwenye bao. Wenzake wakamtania mpaka sauti zikafika uani: "Shabani, kumbe randa yako bado kali! Tukuletee mbao na sisi?" Yeye anacheka tu, ameketi kama mfalme. Ndani mie natamani ardhi ipasuke. Jambo la msalani kwangu limekuwa mazungumzo ya wanaume!

Damu ikawa inakuja na kuondoka. Mara matone, mara nyingi ya kulowesha. Haikuwa na tarehe. Tumbo nalo likaanza kuinuka upande wa kushoto. Lakini niseme ukweli, ngozi yangu ililainika, nikawa nalala vizuri, yale majoto ya utu uzima yaliyokuwa yananitesa yakakoma. Bi Mwajuma, shoga yangu wa nyumba ya pili, akanishika shavu akaniambia, "Shoga, unapaka nini siku hizi? Tugawie na sie tunaooza huku!"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka… hakucheka. Akaniuliza siku ngapi sijaswali. Nilipomwambia, akanivuta pembeni, akasema kwamba yeye alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani, damu inayomjia mwanamke aliyekwisha koma haiitwi hedhi. Inaitwa damu ya ugonjwa. "Hiyo haikuzuii kuswali, Fatu. Na kama ni ya ugonjwa, si unatafuta ugonjwa uko wapi? Nenda hospitali!"

Ndugu zangu, neno moja tu. Hedhi au ugonjwa. Mie niliyekuwa nawafunda wasichana wa watu habari za damu, hilo sikulijua. Sie tulifundishwa damu inapoanza. Ya kurudi baada ya kukoma, nani alitufundisha?

Nikamwomba mume wangu twende zahanati. Akakubali kwa furaha, akavaa kanzu yake ya Idi, akijua tunakwenda kuandikishwa kliniki ya wajawazito. Nesi aliyetupokea anaitwa Rehema, binti mwembamba mwenye mwanya. Akanipima mkojo. Akatazama kile kijiti, akatutazama sie wazee wawili, akasema kwa upole hakuna mimba. Akataka tuende hospitali kubwa nikapigwe picha ya tumbo, tena tusikawie.

Mzee Shabani akamwambia, "Binti yangu, kipimo hiki kimetengenezwa kwa wasichana. Mkojo wa mtu mzima hakiusomi."

Rehema akanitazama mie. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Lakini mume wangu alikwishanishika mkono tunatoka.

Hapo ndipo alipomwingiza Mwalimu Kassimu, mganga wa pale Mbagala anayetibu kwa kombe na hirizi. Mwalimu Kassimu hakunigusa hata tumbo. Alifungua kitabu, akasema mtoto yupo, wa kiume, ila majini yanamwonea wivu, kwa hiyo asipigwe picha, ile mionzi ya hospitali itayaamsha. Akasema nifungwe hirizi ya kiunoni, na nisionekane na macho ya watu mpaka tumbo lishuke.

Nisionekane! Mie, Bi Fatu kungwi, niliyewaweka ndani wasichana wa mtaa mzima, nikawekwa ndani kama mwali nikiwa na miaka sitini na saba. Mzee Shabani akamleta dada yake, Bi Mtumwa, kutoka Newala aje anilee. Huyu mama hakuwa mbaya. Alinipikia uji, alinikanda miguu, alinifulia. Lakini mlangoni hapiti mtu. Bi Mwajuma akija anaambiwa nimelala. Akija tena anaambiwa nimelala. Siku ya tatu akapaza sauti uani, "Huyo mtu analala au mmemzika?" Bi Mtumwa akamjibu kwamba mwenye kijicho asogee mbali na mzazi.

Mzee Shabani naye akaacha kazi za watu. Kule Chang'ombe akawa anachonga kitanda cha mtoto, cha mninga, chenye nakshi ya nyota. Kila jioni anakuja ananisimulia kimefika wapi. Nilikuwa namwambia kwa sauti ndogo, mume wangu, tumbo linanivuta, twende tukatazame. Ananiwekea mkono mdomoni. Ananiambia nisimkufuru Mungu.

Mtauliza, nilikuwa sina miguu? Nilikuwa nayo. Ila mwanamke wa umri wangu, simu hana, dirisha lina nondo, mlangoni kaketi wifi yake, na kila mtu ndani ya nyumba anamwambia kwa mapenzi kwamba yeye ni mjamzito… anatoka aende wapi? Akamshitaki nani kwa kosa la kupendwa?

Zuhura alikuja mara moja katika kipindi kile. Unatoka Bunju asubuhi, unafika Mbagala jua limeshapanda, kwa hiyo haji ovyo. Mtoto huwezi kumzuia mlangoni. Akaingia, akanibusu, akakusanya nguo zangu akatoka nazo uani kufua. Miongoni mwa nguo zile kulikuwa na kitambaa nilichosahau kukificha. Kupitia dirishani nilimwona amekishika. Amesimama nacho. Akatazama dirishani… tukatazamana.

Nikasubiri aulize. Yeye, nadhani, akasubiri niseme.

Kwetu sie mama hamwambii mwanawe habari za damu yake, na mwana hamwulizi mama. Hayo ni ya kungwi. Mie mwenyewe nilimpeleka Zuhura kwa kungwi mwingine alipovunja ungo, kwa sababu mama hawezi kumfunda mwanawe. Basi akakifua, akakianika chini ya kanga nyingine kisionekane, akaja kuniaga. Akasema, "Mama, ujitunze." Nikamwambia, "Haya, mwanangu." Akaenda zake Bunju.

Jamani, jamani! Maneno yalikuwa kooni kwetu sote wawili!

Siku ilipofika nilikuwa namenya muhogo, karibu na adhuhuri, Mzee Shabani yuko barazani. Kitu kikapasuka ndani ya tumbo. Sisemi maumivu yalianza, nasema kilipasuka, kama puto la maji. Nikaanguka juu ya ungo wa muhogo. Bi Mtumwa akaja mbio, akanitazama ninavyojikunja… mnajua alifanya nini?

Alipiga vigelegele!

"Uchungu umefika! Shabani! Mwanao anakuja!" Akatandika kanga mpya sakafuni, akachemsha maji, akaniambia nivute pumzi na nisukume. Majirani wakasikia vigelegele, wengine wakavipokea huko nje. Nilikuwa navujia damu ndani kwa ndani, macho yanaingia giza, na mtaa mzima unanishangilia…

Bi Mwajuma ndiye aliyeingia kwa nguvu. Alimpiga kumbo Bi Mtumwa. Akanifunua jicho, akaona jeupe kama karatasi. Akapiga kelele, "Uzazi gani huu, mtu anakufa! Bajaji! Nani ana bajaji?" Namkumbuka kijana aliyetupeleka, Juma Kipara. Mungu ampe heri popote alipo. Mzee Shabani alipanda mbele amebeba furushi la nguo za mtoto. Njia nzima anamwambia Juma aende polepole asimtikise mwanawe. Bi Mwajuma anamwambia Juma akimbize. Mie kichwa changu kipo mapajani kwa Bi Mwajuma. Nikawa nasoma shahada.

Nilipozinduka nilikuwa wodini, tumbo limefungwa bandeji kutoka juu mpaka chini. Zuhura amekaa pembeni, macho yamevimba. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, niliona. Niliona siku ile, nikaona haya kukuuliza." Nikamwambia na mie niliona haya kukuambia. Tukalia, na kulia kwenyewe kulinichoma mshono.

Daktari aliyenipasua anaitwa Upendo, mwanamke wa makamo, ana sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa. Akanionyesha kwa ngumi yake ukubwa wa uvimbe ule, ngumi mbili pamoja. Ulikuwa kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, na ulikuwa umepasuka. Wameondoa vifuko vyote viwili na kizazi. Nikamwuliza, sasa ile damu? Yale maziwa? Ile ngozi? Uvimbe gani unamfanya mtu awe kijana?

Akanieleza, na nilipomwambia sielewi akanieleza tena. Alisema ndani ya vile vifuko kila yai la mwanamke limezungukwa na chembechembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Hizo ndizo zinazolilisha yai, zinalikinga, zinalilea mpaka lipevuke litoke. Tena ndizo zinazotengeneza homoni za kike. Zinauambia mwili wote: wewe ziwa jaa, wewe kizazi jitandike, wewe mfupa kaa imara. Mayai yakiisha, na zenyewe zinaisha, mwanamke anakoma.

Nikamwambia, daktari, hao ni makungwi! Wanamzunguka mwali, wanamlisha, wanamfunda, siku ikifika wanamtoa nje. Na mwali akishatolewa, makungwi wanafunga virago wanakwenda makwao.

Daktari Upendo akatabasamu. Akasema, "Hivyohivyo, bibi. Ila wa kwako wengine hawakwenda makwao."

Walibaki, wakaanza kuzaliana ovyo. Wakawa wanapiga ngoma usiku na mchana, na ndani hakuna mwali. Mwili wangu ukasikia ngoma, ukadhani kuna sherehe. Ukajaza maziwa, ukalainisha ngozi, ukatandika kizazi na kukibomoa. Hiyo ndiyo damu niliyoiita mwezi. Ilikuwa saratani, wasomaji wangu. Saratani ya zile chembe zinazolea yai. Huo ndio ujana wangu niliokuwa naonewa wivu!

Daktari akaongeza kwamba saratani ya aina hii mara nyingi huenda polepole, na ikiwahiwa ikiwa bado imo ndani ya kifuko chake, mtu hupona vizuri. Yangu ilikuwa imeshapasuka na kumwagika. Inaweza kurudi, hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nitapimwa damu na kupigwa picha maisha yangu yote. Nilifikiria yule binti Rehema na kijiti chake. Angesikilizwa siku ile…

Mzee Shabani aliingia kutuona jioni. Furushi bado lipo kwapani. Akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Daktari akamketisha, akamweleza kila kitu kwa subira, kama alivyonieleza mie. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, "Sawa. Mwanangu yuko wapi?" Hakupiga kelele. Bora angepiga kelele! Alinitazama kama mtu aliyeibiwa anavyomtazama mwizi wake. Akasema, "Fatu, umewaachia wamkate vipande." Akatoka. Sijaiona tena sura ya mume wangu ikinitazama usoni mpaka leo.

Mtaani akaeleza kwamba nilitoa mimba. Bibi wa miaka sitini na saba, katoa mimba! Na wapo walioamini, wale wale waliopokea vigelegele. Sharifa, niliyemfunda kwa mikono yangu, alikutana na Zuhura sokoni akageuza uso. Sikupewa nafasi ya kujitetea. Talaka ililetwa wodini na Bi Mtumwa pamoja na nguo zangu. Mama wa watu aliitamka amelitazama dirisha, halafu akanikanda miguu kwa mara ya mwisho huku machozi yanamtoka. Nimchukie? Naye alipenda mtoto wa kaka yake ambaye hakuwepo.

Kuna jambo moja nikilikumbuka naishiwa nguvu. Ili nihesabiwe eda, shekhe alimtuma mkewe aje kuniuliza swali. Akaniuliza kwa adabu, "Bibi, samahani, bado unaona damu au umekoma?" Maana eda zake ni tofauti. Nikamwambia, "Nimekoma, mama. Andika nimekoma." Mshono wangu ulikuwa bado haujakauka.

Sasa naishi Bunju kwa Zuhura. Mzee Shabani nasikia ameoa binti mdogo, na bado anasimulia barazani kwamba mwanawe angekuwa ameshaanza chekechea. Wenzake siku hizi hawamtanii. Nilijaribu kumtumia salamu kupitia Bi Mwajuma, nikamwambia sikumdhulumu. Alizikataa salamu. Mtu aliyeamua kuomboleza mtoto, utamwambiaje kwamba anaomboleza uvimbe? Nimeshindwa. Kila nikienda kupimwa, nikikaa kwenye lile benchi, najua sina uwezo juu ya jibu litakalotoka. Mara ya mwisho daktari alisema kipimo kimepanda kidogo, tusubiri kijacho. Basi tunasubiri…

Sikuandika haya mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu tupo wengi, wanawake tuliokoma, tunaona matone tunayaita ujana, tunayaita baraka, tunayaita jini, tunayafua tunayaficha. Mwenzangu, ukishakoma, hata tone moja likirudi, usikae nalo ndani! Usimwachie mume aliseme, usimwachie mganga alifungie hirizi. Waache wapige picha yao.

Na nyie watoto wetu, msituonee haya. Sie hatutasema. Tumefundwa kutosema, na tutakufa hatujasema. Aliye na mama au bibi aliyekoma, leo akamwulize kama ameona damu. Najua mama atakasirika. Atakwambia huna adabu, nani kakulea wewe? Mwache amalize kufoka…

Kisha mwulize tena.